Kwa nini sola za China zimejaa Kikuubo?

SWALI: Mhariri habari ya kazi. Mimi nauza vitu vya umeme Kikuubo hapa Kampala, zamani mzigo wa China ulikuwa ndala, thermos na nguo za watoto, sahivi kila kontena likifunguliwa ni paneli za sola na betri, na bei inashuka mpaka stoki ya mwezi uliopita inanilalia dukani. Kuna nini huko?
Mama Sola, Kampala

JIBU: Pole Mama Sola, hujalogwa. China ndala bado wanauza, ila siku hizi wanajivunia vitu vitatu wanavyoviita "vitatu vipya", yaani magari ya umeme, betri za lithiamu na sola, na mwaka 2023 hivyo vitatu peke yake vilipita yuan trilioni 1 kwa mauzo ya nje, na mwaka huohuo wakaipita Japani kwa kuuza magari nje. Sasa viwanda vya sola vimejengwa vingi kupita kiasi, wanunuzi wa kwao hawatoshi, Marekani nayo imeziwekea sola zao ushuru mkali tangu 2012, basi mzigo unatafuta pa kwenda, ndo unaona mwingine unashukia Mombasa unakuja kwako. Lakini Desemba 2024 serikali yao ilipunguza kodi inayorudishiwa wanaouza sola nje ya nchi, kutoka asilimia 13 hadi 9, yaani gharama yao inapanda, kwa hiyo usidhani bei itashuka tu milele. Mi ningekuwa wewe ningeagiza kidogokidogo, na betri zaidi ya paneli.