Muulize Fundi: Injini yangu ya makopo inazunguka raundi tatu inagoma

SWALI: Fundi shikamoo. Nina miaka 19, nipo Morogoro. Nimeunda injini ya Stirling (ile inayoendeshwa na hewa inayopashwa moto na kupozwa) ya makopo ya soda, ndani nimeweka bonge la stilwaya ya kusugulia sufuria, ubavuni nimegundisha elbo ya bomba la maji nikaivalisha puto, krenki (ekseli yenye mikunjo inayogeuza kupanda na kushuka kuwa mzunguko) nimekunja spoku ya baiskeli, flaiwili (gurudumu la kuendeleza mzunguko) ni CD tatu. Juu nimekata kopo lingine nikaweka maji ya kupoza. Sasa nikiwasha mshumaa chini nikaisukuma kwa kidole inazunguka raundi tatu inakufa. Nimeongeza mishumaa imefika minne, bado. Niipandishe kwenye jiko la gesi? Na ikikubali inaweza kuchaji simu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye gesi usiipeleke, utayeyusha gundi na puto litapasuka halafu utaniandikia tena. Hii injini haili moto, inakula tofauti ya joto kati ya chini na juu, sa ukiweka mishumaa minne na yale maji ya juu yamekaa nusu saa yamekuwa ya kuoga, tofauti itatoka wapi? Rudi kwenye mshumaa mmoja, mwaga hayo maji weka barafu.

Kabla ya yote lakini, hebu isukume upande wa pili. Sikutanii. Krenki yako ina mikunjo miwili, mmoja wa bonge mmoja wa puto, iliyopishana robo duara (digrii 90), na bonge ndo linatakiwa litangulie. Bonge likipanda, hewa inashuka chini kwenye moto, inatanuka, ndo inasukuma puto juu. Kwahiyo bonge likiwa juu kabisa puto liwe katikati ya safari linapanda. Ukiona muda huo linashuka ujue unaizungusha kinyume, na hapo injini yenyewe inakupigia breki. Mi mwenyewe niliwahi kumaliza wiki nzima nabomoa naunda, kumbe kidole ndo kilikuwa kinasukuma upande mbaya.

Kama upande uko sawa basi hewa inavuja au kuna msuguano, mara nyingi vyote viwili. Zima mshumaa, kopo likipoa paka povu la sabuni kila ulipogundisha, bonyeza puto taratibu uangalie mapovu. Pale kwenye elbo ndo nyumbani kwa mivujo. Tundu linalopitisha waya wa bonge kwenda kwenye krenki nalo liangalie, likiwa pana hewa yote inaishia hapo, likibana sana nalo linashika waya, mi nawashauri watu waachane na waya watumie mshipi wa kuvulia samaki, unateleza vizuri na tundu linakuwa dogo kama la sindano, ila bonge liwe na uzito wa kutosha kushuka lenyewe.

Msuguano unausikia kwa sikio. Zungusha polepole, ukisikia kwaru kwaru ndani bonge linagusa ukuta, punguza stilwaya ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 kuzunguka. Na puto usilivute likawa kama ngoma, liwe legelege. Halafu achia flaiwili bila moto, kama kila mara inajirudisha ikasimama palepale, uzito wa bonge unaivuta, gundisha nati au sarafu kwenye CD upande wa pili mpaka ikubali kusimama popote.

Kuchaji simu sahau. Kainjini ka kopo kanatoa nguvu ndogo mno, hata kuwasha kataa ka LED ni shughuli.

Kuna msomaji mwingine kauliza kama anaweza kuacha Stirling achemshe maji ndani ya kopo la bodi sprei apate injini ya mvuke. Usithubutu, lile kopo ukilichemsha limefungwa ni bomu. Huyu Stirling mwenyewe, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alisajili injini yake 1816, enzi ambazo maboila ya mvuke yalikuwa yanalipuka na kuua watu, na ya kwake ilikuwa haina boila. Ya kwako ikizidiwa litatoboka puto tu.

Ukishaigeuza upande niandikie ilizunguka ngapi.