Protini bila nyama wala maziwa baada ya upasuaji

SWALI: Nimeruhusiwa kutoka hospitalini wiki iliyopita baada ya upasuaji wa tumbo. Sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Nina kilo 60. Nashiba kwa vijiko vichache tu, na maharage yananijaza gesi. Nitapataje protini ya kutosha ili kidonda kipone?

JIBU: Pole kwa upasuaji. Mtu mzima mwenye afya hutosheka na gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Aliyetoka kupasuliwa anahitaji zaidi, kwa kawaida gramu 1.2 hadi 1.5, kwa sababu mwili unaziba jeraha huku misuli ikipungua. Kwako wewe ni gramu 72 hadi 90. (Mwenye ugonjwa wa figo asipandishe kiwango hiki kabla ya kuzungumza na daktari wake.)

Kwa kuwa unashiba haraka, usisubiri milo mitatu mikubwa. Kula mara tano au sita, na uanze na chakula chenye protini, mboga na matunda yafuate. Wengi hukosea hapa: hujaza tumbo kwa supu nyepesi ya mboga za majani, ambazo hutoa gramu 3 hivi tu kwa kila gramu 100.

Kuhusu gesi, maharage mazima yenye maganda yaweke kando kwa sasa. Chukua gramu 80 za dengu nyekundu zilizokobolewa, zioshe, uzichemshe kwa nusu lita ya maji dakika 20 hadi zivurugike, kisha ongeza kijiko cha mafuta na maji ya limau. Hapo una gramu 19 hivi za protini katika bakuli laini. Ikiwa daktari amekuzuia kula nyuzinyuzi, muulize kwanza hata kuhusu dengu. Tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa) huwa nyepesi zaidi tumboni.

Asubuhi saga kwenye blenda mililita 250 za maziwa ya soya, vijiko viwili vya chakula vya siagi laini ya karanga, ndizi moja na gramu 30 za oti. Unapata karibu gramu 20, na unaweza kunywa nusu sasa, nusu baada ya saa mbili, mradi iliyobaki ikae kwenye friji. Soma lebo ya maziwa: ya soya huwa na gramu 7 au 8 kwa kikombe, ya lozi mara nyingi gramu 1 tu. Rangi ni ileile, kazi si ileile. Tofu ngumu gramu 150 mchana hutoa 18 au zaidi, na gramu 30 za nyama ya soya kavu, iliyolowekwa na kupikwa hadi iwe laini, huongeza 15. Mkate, wali na vitafunio vya karanga hufikisha hesabu juu ya 80.

Usipunguze wanga na mafuta kwa kuogopa kunenepa. Nishati ikipungua, mwili huichoma hiyo protini kama kuni, na kidonda hakipati kitu. Vitamini C nayo ni ya lazima katika kutengeneza kolajeni, protini inayoshikilia ngozi na kidonda, kwa hiyo kula chungwa au pilipili hoho kila siku. Chai na kahawa zikae mbali na mlo kwa saa moja, maana hupunguza ufyonzaji wa madini ya chuma. Vitamini B12 haitoki kwenye mimea kwa kiwango cha kutegemewa. Inahitaji kidonge au chakula kilichoongezewa.

SWALI: Je, poda ya protini inafaa?

JIBU: Inafaa pale hamu ya kula inapokataa kabisa. Chagua ya soya, au ya njegere iliyochanganywa na mchele. Ya mchele peke yake ina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Kipimo kimoja huwa na gramu 20 hivi. Kikoroge kwenye uji uliopoa kidogo, kwani kwenye uji unaochemka poda huganda madonge. Mshono ukiwa mwekundu zaidi, ukitoa usaha, au homa ikipanda, rudi hospitalini siku hiyohiyo.