Tatizo si hamu ya vitabu, ni mlango wa kuingilia

Ndugu, umeuliza kwa nini wakutubi Weusi ni wachache Marekani, na kama ni kweli vijana wao hawaipendi kazi. Hapana. Kazi ya mkutubi kule kwa kawaida hudai shahada ya uzamili, na mshahara wake ni mdogo ukilinganisha na deni la ada. Kwa hiyo wengi hubaki kaunta wakiazimisha vitabu na kuvirudisha rafuni. Kazi wanaijua, cheo hawapati.

Historia nayo ina mkono wake. Shule ya ukutubi iliyofunguliwa Hampton, Virginia, mwaka 1925 kwa ajili ya Weusi ilifungwa 1939. Ile ya Atlanta, iliyosomesha wengi mno, ikafungwa 2005; pigo hilo naliona kubwa kuliko watu wanavyodhani. Juhudi za kuziba pengo zimekuwapo: mkutubi Mweusi E. J. Josey alianzisha umoja wa wakutubi Weusi mwaka 1970, na Spectrum, ufadhili wa chama cha maktaba cha Marekani kwa wanaosomea ukutubi kutoka jamii zenye wakutubi wachache, ulianza 1997.

Mimi ningeanza na wale wa kaunta: walipiwe masomo wakiwa kazini, na wahakikishiwe kwa maandishi nafasi ya kupanda wakihitimu.