Muulize Mwalimu: Derby, Grimsby na "by" ya Wadenmark

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Nkuhungu, Dodoma, tunafuatilia mpira wa Uingereza mpaka madaraja ya chini. Derby, Grimsby, mbona majina yanaishia vilevile? Bodaboda mwenzetu anadai ni ya Wadenmark, tukambishia. Sisi hata mtoto anajua Dodoma ni pale alipodidimia tembo. Wenzetu je?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba. Mwenzenu yuko sahihi, msimbishie tena. Kwa Wadenmark wa kale "by" ilikuwa shamba au kijiji, na kwao mpaka leo ni mji. Jeshi lao lilitua Uingereza mwaka 865, mwaka uliofuata likaitwaa York. Watu hukumbuka panga tu. Mimi nauthamini zaidi mwaka 876, kwa sababu kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinasema Halfdan, kiongozi wa jeshi hilo, aligawa ardhi ya Northumbria, ufalme wa kaskazini mwa Uingereza, na watu wake wakashika jembe. Mtu akishalima, shamba huitwa kwa jina lake: Grimsby ni kwa Grim. Derby, kijiji cha kulungu, kwa Waingereza ilikuwa Northworthy. Na mkiona "thorpe", kama Scunthorpe, hicho ni kitongoji.

Jina linalonigusa kuliko yote ni Ingleby, yaani kijiji cha Waingereza. Kijiji cha Waingereza, ndani ya Uingereza! Fikirini mitaa ya Uhindini katika miji yetu: haingeitwa hivyo kama mji mzima ungekuwa wa Wahindi. Basi pale Ingleby, waliozunguka kijiji walikuwa wasemaji wa lugha ya Wadenmark, na Mwingereza ndiye aliyeonekana wa pekee mpaka akatajwa. Anayedhani Wadenmark walipora tu wakaondoka, atueleze jina hilo lilitoka wapi.

Ila msiende kichwa kichwa kwa kila "by". Rugby, mji uliozaa mchezo wa raga, umo katika Domesday, kitabu cha mwaka 1086 ambamo mfalme William aliorodheshewa mali na ardhi ya nchi. Humo umeandikwa Rocheberie, na kipande cha mwisho ni neno la Kiingereza la kale lenye maana ya ngome. Baadaye matamshi ya vijiji vya jirani, vilivyojaa "by", yakaivuta nayo ikafanana navyo.