Swali la lugha: "Nilinunua" au "nikanunua"?

Swali: Binti yangu wa darasa la sita aliandika katika insha: "Nilikwenda sokoni, nilinunua samaki, nilirudi nyumbani, nilipika." Mwalimu amepiga mstari mwekundu chini ya kila "nili" isipokuwa ya kwanza. Mimi sioni kosa. Lipo?

Jibu: Ukivitazama kimoja kimoja, vitenzi vyote vinne ni sahihi. Kinachokosekana ni uzi wa kuvishona. Kiambishi -li- huliweka tendo katika wakati uliopita, basi. Kulifuatisha tendo na lililotangulia ni kazi ya -ka-: "Nilikwenda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi nyumbani, nikapika." Ile -li- ya mwanzo inatosha kutueleza ni wakati gani, vitenzi vingine vyote vinaiegemea.

Mwaka 1967 wanaisimu wa Marekani, William Labov na Joshua Waletzky, walieleza kwamba kiini cha simulizi ni mfuatano wa vishazi: ukiupindua, umepata kisa kingine. Mswahili hahitaji kubembelezwa akubali hilo. "Alipigwa, akalia" na "Alilia, akapigwa" ni watoto wawili tofauti kabisa.

Tena akili ya msikilizaji huongeza jambo ambalo halikutamkwa. Nikisema "Alikula uyoga, akafa", sikutaja sababu yoyote, lakini nani atauonja uyoga huo? -ka- hutaja mfuatano, sisi tukasikia chanzo. Kwa hiyo nawasihi sana waandishi wa habari: "Alichomwa sindano, akafariki" ni sentensi inayokaribia kumshtaki muuguzi. Ikiwa chanzo hakijathibitishwa, heri kuandika "Alichomwa sindano saa nne, alifariki saa nane." Hapo ule ukavu wa -li- unaomsumbua mwalimu wa binti yako ndio unaotakiwa.

Sasa sikiliza hadithi zetu zinavyofunguliwa. Fanani huita "Paukwa!", hadhira ikaitika "Pakawa!" Likate jibu hilo: pa-ka-wa. Kwa desturi -ka- husubiri kitu kiitangulie, na hapa aliyetangulia ni fanani. Wanaoitia -ka- ni wasikilizaji. Sungura hajatajwa, fisi hajatajwa, na tayari kisa kina wenyewe wa pande mbili. Katika sarufi yetu yote sijui kiambishi ninachokipenda kuliko hiki.

Binti ayaangalie mambo mawili anapoisahihisha insha yake. Vitenzi vya silabi moja huiacha ku- vikipata -ka-: alikula, lakini akala, alikuja, lakini akaja. "Akakula" si sanifu. La pili ni kukanusha, kwa kuwa -ka- haina umbo la kukanushia. Wengi siku hizi huandika "Nikamwita, lakini hakuitika", nayo ni sahihi. Wasimulizi wa zamani wangesema "Nikamwita, asiitike", na mimi ningefurahi kuiona hiyo katika daftari la mtoto wa darasa la sita.