Kabla ya Kununua PS5 kwa Ajili ya Banda, Hesabu Benchi Kwanza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Dodoma ambaye amekuwa akifuatilia maandishi yangu kwa muda. Baada ya kunipa shikamoo, alinieleza kwamba amejiwekea akiba ya shilingi milioni 6, kwamba anataka kufungua banda la gemu karibu na chuo, na kwamba tayari ameandika orodha ya mashine mbili za PS5 (PlayStation 5) pamoja na gemu nane mpya zilizosifiwa sana na wachambuzi. Swali lake lilikuwa moja tu: "Kaka, kwenye orodha hii nimekosea wapi?" Niliusoma ujumbe ule mara tatu, kwa sababu orodha yake inakaribia kufanana na ile niliyoiandika mimi mwenyewe mwaka 2021, na orodha ile ilinigharimu banda langu la pili.

Banda la kwanza nililifungua Kihonda, Morogoro, mwaka 2011, nikiwa na PlayStation 2 mbili, televisheni mbili za chogo na benchi moja refu ambalo fundi seremala jirani alilipigilia kwa mbao za mabaki. Mechi moja ilikuwa shilingi 200, na sheria ilikuwa ileile ya kila banda: anayefungwa anaachia padi, yaani kifaa cha mkononi cha kuchezea, anayeshinda anabaki. Ukutani niliweka ubao mweusi, na kila jioni niliandika kwa chaki jina la aliyeshinda mechi nyingi zaidi siku hiyo. Sifichi kwamba nilifanikiwa. Kwa fedha za mashine zile mbili niliwalipia ada wadogo zangu wawili hadi wakamaliza kidato cha nne, na watu waliokuwa wakisema kwamba ninafuga wahuni ndio waliokuja baadaye kuniuliza mashine zinapatikana wapi.

Kuna jambo sikulitafakari wakati ule, ingawa nililitazama kila siku. PS2 ilitoka Japani mwaka 2000, na PS3 ikafuata mwaka 2006. Mimi nilifungua banda miaka mitano baada ya mashine yangu kupitwa, na bado watu walisimama nje wakisubiri zamu. Januari 2013 Sony ilitangaza kwamba imeacha kutengeneza PS2, lakini miezi michache baadaye, mwaka huohuo, FIFA 14 ikatolewa pia kwa ajili ya PS2. Mwenye macho angejiuliza kwa nini mashine iliyokwisha kuzikwa na mtengenezaji wake inatolewa gemu mpya. Mimi sikujiuliza. Niliendelea kukusanya mia mbili mbili, baadaye mia tano tano, nikanunua PS3 na kisha PS4, na miaka hiyo sina haja ya kuisimulia kwa kuwa ilikwenda vizuri.

Mwaka 2021 nilipofungua banda la pili, nilitaka liwe la kwanza mjini kuwa na PS5. Nilizinunua mbili kutoka kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, shilingi milioni 2.6 kila moja, wakati ambapo dunia nzima ilikuwa ikizigombania. Nilimwuliza mara mbili kama padi zangu za PS4 zingefanya kazi kwenye mashine mpya, akanijibu kwamba zinaingia bila tatizo lolote. Usiku ule nikiwa peke yangu bandani, padi ya zamani iliunganishwa vizuri, lakini nilipofungua gemu ya PS5 maandishi yakatokea kwenye kioo kwamba padi hiyo haiwezi kutumika katika gemu hiyo. Nilikuwa na padi nne za PS4 na moja tu ya PS5 kwa kila mashine, na soka la bandani halichezwi kwa padi moja. Baadaye niligundua kwamba toleo la PS4 la gemu ileile, likichezwa ndani ya PS5, huzikubali padi za zamani bila shida, na laiti mtu angeniambia hivyo mapema ningeokoa fedha nyingi. Muuzaji hakupokea tena simu yangu, na mpaka leo nikipita mtaa ule moyo unaniuma.

Padi, hata hivyo, hazikuliua banda. Siku ya ufunguzi vijana walijaa mlangoni kuangalia picha, na ni kweli ilikuwa picha ya kustaajabisha, kwani jasho lilionekana likitiririka kwenye shingo ya mchezaji. Fundi pikipiki mmoja, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa hafungiki kirahisi kwenye PS4, alilipa shilingi 1,000 akakaa mbele ya PS5, na mwanafunzi wa sekondari akamfunga mabao manne kwa sifuri, kwa sababu mwendo wa mpira ulikuwa tofauti na vidole vyake havikuuzoea. Aliiweka padi chini taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto wa watu, akainuka na kurudi kwenye kona ya PS4, ambako watu saba walikuwa wamebanana kwenye benchi wakimsubiri. Kufikia saa mbili usiku PS5 zote mbili zilikuwa zinawaka bila mtu, huku ile kona ikipiga kelele.

Nikadhani tatizo ni gemu, nikaongeza gemu za hadithi, zile za mtu mmoja zinazochukua saa 40 kuzimaliza. Nani atalipa kwa nusu saa ili aanze safari ambayo kesho mwingine ataifuta kwa kuanza upya? Waliokuwa wakitazama walichoka baada ya dakika kumi na kuondoka, na masasisho ya gemu hizo yalimaliza kifurushi changu cha wiki kwa usiku mmoja. Baada ya miezi saba nilirudisha funguo kwa mwenye nyumba.

Tangu hapo nimekuwa nikiifuatilia tasnia ya gemu kwa makini kuliko nilivyowahi kufanya, na mambo yanayowashangaza wengi yamekuwa wazi kwangu kila ninapoyatazama kutoka kwenye benchi lile. Agosti 23, 2024, Sony ilitoa Concord, gemu ya timu za kupigana risasi iliyotengenezwa kwa miaka kadhaa na studio ya Firewalk, ikiuzwa dola 40. Katika Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, idadi ya juu kabisa ya watu walioicheza kwa wakati mmoja haikufika hata 700. Septemba 6 ikazimwa na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao, na mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba studio yenyewe inafungwa. Haikuwa gemu mbovu kwa picha wala kwa ufundi. Watu wa kupigana risasi walikuwa tayari wamekaa kwenye benchi zao nyingine, nyingi kati ya hizo zikiwa za bure, pamoja na marafiki zao na majina waliyojijengea, na hakuna aliyewapa sababu ya kuhama pamoja. Niliposoma habari ile niliwahurumia sana watengenezaji, kwa kuwa najua uchungu wa kuwasha kitu kizuri na kukaa nacho peke yako.

Sasa ilinganishe na gemu ya Among Us. Ilitoka Juni 2018, kazi ya studio ndogo mno ya Innersloth, yenye vikatuni visivyo na mikono, ikakaa karibu miaka miwili bila kutazamwa na wengi. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani, watangazaji wa gemu mtandaoni wakaanza kuicheza kwa makundi, na dunia nzima ikaifuata. Gemu ilikuwa ileile. Kilichoongezeka ni watu wa kukaa nao. GTA V nayo ilitoka Septemba 2013 kwenye PS3, ikahamia PS4 mwaka uliofuata na PS5 mwaka 2022, na imeuza zaidi ya nakala milioni 200, ilhali kampuni nyingi hudhani kwamba gemu ya mwaka jana imezeeka.

Kitendawili kinachowatatiza wazazi wengi ni hiki: kwa nini mtoto alipie nguo katika gemu ya bure, nguo ambayo haimwongezei nguvu wala kasi? Mwaka 2006 kampuni ya Bethesda iliwauzia wachezaji wa gemu yake ya Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50, na wachezaji wakakasirika mno. Miaka kumi na mmoja baadaye ikaja Fortnite ya bure, ambayo mauzo yake makubwa ni mavazi ya namna hiyo, na hati zilizotolewa katika kesi ya Epic, wenye Fortnite, dhidi ya Apple mwaka 2021 zilionyesha kwamba gemu hiyo iliingiza zaidi ya dola bilioni 9 katika miaka ya 2018 na 2019. Nilikaa na suala hili muda mrefu kabla ya kulielewa. Farasi wa Oblivion unamwona wewe mwenyewe, chumbani kwako. Vazi la Fortnite linaonwa na wachezaji wengine 99 mliotua nao kisiwani. Kijana wangu wa Kihonda aliyekuwa akiongeza mia mbili baada ya kufungwa, ili jina lake lisifutwe kwenye ubao wa chaki, alikuwa akinunua kitu kilekile.

Msomaji anaweza kunipinga kwa kunitajia Balatro, gemu ya karata iliyotengenezwa na mtu mmoja na kutolewa Februari 2024, ambayo ndani ya mwaka mmoja iliuza nakala milioni 5 na huchezwa na mtu peke yake. Ni kweli, na mimi mwenyewe ninaicheza usiku kwenye simu. Lakini hiyo ni gemu ya mtu aliye kwake, na anayefungua banda hauzi upweke. Ndugu zangu wenye mabanda, tuache kununua gemu tunazozipenda sisi na kuwalaumu vijana kwamba hawajui kitu kizuri. Mimi niliwalaumu, tena kwa sauti, mbele yao, na wengine hawakurudi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Dodoma, orodha yako imekosea mwanzoni kabisa, kabla ya kufika kwenye mashine. Nenda kwanza ukahesabu benchi, yaani watu wanaokaa pamoja kucheza na kusubiri zamu. Ukikuta vijana wanacheza soka la kale la PSP, mashine ndogo ya mkononi ya Sony, ndani ya simu kwa kutumia PPSSPP, programu inayoiga mashine hiyo, likiwa na jezi za Simba na Yanga walizoingiziwa na fundi wa simu, usicheke, kwa sababu hao ndio wateja wako, na tayari wamekwambia wanataka nini. Nunua PS4 mbili zilizotumika lakini nzima, soka pekee, na padi za ziada, maana vijiti vya padi hulegea haraka kuliko unavyofikiri. Soka la kampuni ya EA la mwaka 2025, FC 26, lilitolewa kwa PS4 pia, kwa hiyo hutakosa vikosi vya karibuni. Hesabu benchi kabla ya kununua mashine ya tatu, na ulihesabu tena kabla ya kununua gemu yoyote isiyo ya soka.

Kama bado moyo wako uko kwenye PS5, usidanganywe na ushauri wa zamani wa kusubiri bei ishuke. PS2 ilianza kwa dola 299 nchini Marekani na kufika dola 99 mwaka 2009, lakini PS5 ilipandishwa bei Agosti 2022 katika Ulaya, Uingereza, Japani na masoko mengine, kisha Marekani yenyewe ikafuata Agosti 2025. Ni mwenendo ambao sisi tuliozoea mashine kushuka bei kadiri zinavyozeeka bado hatujauzoea, na ndiyo sababu mashine ya kisasa inapaswa kununuliwa kwa faida ya benchi lililokwisha kujaa, kamwe si kwa akiba yako ya kwanza.

Nilimwandikia haya yote kwa ufupi siku ya Ijumaa. Amenijibu kwamba jirani na chuo kuna mwarobaini ambao chini yake vijana hukusanyika kila jioni wakizunguka simu mbili, na kwamba hajawahi kusogea kuangalia wanacheza nini. Nimemwomba akakae nao siku tatu mfululizo, anunue soda, acheze na akubali kufungwa, kisha anitumie idadi yao na jina la gemu.