Maswali na majibu: Mnachopima ni masafa, si momenti

Barua kuhusu NMR (mwangwi-sumaku wa nyuklia, njia ya kutafuta masafa ya redio yanayopindua viini vya atomu ndani ya sumaku, ili kujua momenti, yaani ukubwa wa usumaku wa kiini) zimekuwa nyingi, na karibu nusu zinauliza jambo lilelile. Nianze nalo ili tulimalize.

Hiyo "nyuklia" kwenye NMR maana yake mashine inatoa mionzi?

Hapana. Neno linataja kiini cha atomu, basi. Tafadhali hili lisirudi.

Lithiamu-8 ina nusu-uhai wa sekunde 0.84. Mnapimaje kitu kinachokufa kabla mtu hajakaa kitini?

Hapa ndipo penye utamu. NMR ya kawaida ni fukara: kila kiini ni kama sumaku ndogo yenye mwelekeo, uitwao spini, na kwenye uga wa sumaku wa tesla 1, katika joto la chumbani, kati ya protoni milioni moja zinazozidi kuelekea upande mmoja ni 3 hivi. Ndiyo maana inadai sampuli yenye viini vingi kupindukia, na viini visivyo imara havipatikani kwa wingi huo. Kwa hiyo pale ISOLDE, mtambo wa viini visivyo imara kwenye maabara ya CERN, au kwenye maabara ya TRIUMF nchini Kanada, mwale wa atomi humulikwa kwa leza ambayo mwanga wake unazunguka upande mmoja mpaka spini zielekee pamoja, kisha hupandikizwa ndani ya fuwele iliyo kati ya sumaku. Kila kiini kinapokufa hurusha chembe ya beta (elektroni yenye kasi), na hairushi ovyo: tangu jaribio la Chien-Shiung Wu la kobalti-60, mwaka 1957, tunajua beta ina upande inaoupendelea. Vigunduzi viwili, kimoja kila upande wa fuwele, vinahesabu. Unabadilisha masafa ya redio kidogokidogo. Hesabu haziyumbi, haziyumbi, halafu ghafla tofauti ya pande mbili inaporomoka. Spini zimepinduka. Kwa lithiamu-8 hutokea kwenye megahezi 6.3 kwa kila tesla. Kifo unachokilalamikia ndicho kinachotuletea habari.

Jedwali moja linasema lithiamu-11 ni 2.45, lingine 3.67. Lipi linadanganya?

Hakuna linalodanganya, hukusoma kichwa cha safu. 2.45 ni g, yaani momenti kwa kila kizio cha spini. Izidishe kwa spini, 3/2, upate momenti 3.67 kwa magnetoni za nyuklia, kizio cha usumaku wa viini. Nimelisema hadi koo limekauka: chombo kinapima masafa. Masafa na uga vinakupa g. Spini uijue kwa njia nyingine. Tena uga unaokifikia kiini si ule wa sumaku yako, kwa sababu elektroni hukikinga, kwa lithiamu kiasi cha sehemu 100 hivi kwa milioni, na ndani ya metali kuna mchepuko wake tena. Anayekupa tarakimu sita bila kutaja fuwele wala marekebisho, mrudishie karatasi yake.

Je, inaonyesha kama momenti ni chanya au hasi?

Kwa koili ya kawaida, hapana. Muulize mwenye leza.

Haya yote yana faida gani?

Chukua beriliamu-11, yenye nyutroni 7. Kwa mpangilio wa kawaida wa matabaka ya nyutroni ndani ya kiini, ile ya saba ingekaa kwenye tabaka liitwalo p1/2, na momenti ingekuwa chanya, 0.64 hivi. Iliyopimwa ni −1.68. Nyutroni iliyo peke yake kwenye tabaka jingine, s1/2, ingetoa −1.91. Bila shaka imehama tabaka, na kwa kuwa imeshikwa kwa nishati ya takriban MeV (milioni za elektroni-volti) 0.5 tu, inazurura mbali na wenzake.